Herufi za Ubavuni: Historia ya Majirani Iliyoandikwa kwenye Treni na Meli

Katika mfululizo wetu wa nchi jirani tumekwisha kuzungumzia mipaka, bendera na mikataba. Leo, ndugu msomaji, tutazame jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: herufi na namba zinazopakwa ubavuni mwa vichwa vya treni, mbele ya majina ya meli na kwenye miili ya ndege. EC3, EAR, SS, MV, 5H: kwa asiyezijua, hizi ni alama za mafundi tu. Kwa anayezijua, zinaeleza chombo ni cha nani, ni cha aina gani, kinaendeshwa kwa nguvu gani, na wakati mwingine majirani walipatana au walikosana lini.

Hoja ya makala haya ni moja. Nchi za Afrika Mashariki zilipounganisha reli zao, zililazimika kuunganisha pia namna ya kuviita na kuvihesabu vichwa vya treni. Zilipotengana, herufi za umoja zilifutwa kwa muda mfupi, lakini mali yenyewe ilichukua miaka mingi kugawanywa. Ili tuielewe hoja hiyo, tujifunze kwanza kusoma.

Aina tatu za herufi

Herufi zinazoandikwa kwenye vyombo vya usafiri ni za aina kuu tatu. Kwanza, kuna herufi za mwenye mali, yaani zile zinazotaja shirika linalomiliki chombo. Pili, kuna herufi za kundi, ambazo huweka pamoja vyombo vilivyoundwa kwa mchoro mmoja ili fundi ajue vipuri gani vinafaa na dereva ajue mzigo gani unavutika. Tatu, kuna herufi za nchi, ambazo hutaja dola iliyokisajili chombo. Ukizitenganisha aina hizi tatu, hutachanganyikiwa tena.

Reli ya Uganda isiyokuwa Uganda

Tuanze na herufi za mwenye mali. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwezi Desemba 1901. Jina lake lilikuwa Reli ya Uganda, na kwa Kiingereza ilifupishwa kuwa UR. Mwanafunzi wa leo huuliza: mbona reli hiyo yote imo nchini Kenya? Jibu ni kwamba wakati ule eneo la Kisumu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na lilihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya mwaka 1902. Mpaka ulihama, herufi zikabaki. Treni ilikuja kufika Kampala mwaka 1931.

Mwaka 1926 jina lilibadilishwa kuwa Reli ya Kenya na Uganda, na herufi zikawa KUR. Shirika hilo lilikuwa na utaratibu wake wa herufi za kundi. Vichwa vya awali vilikuwa na herufi moja moja, kama F, kundi lililofuata mchoro uliokuwa ukitumika katika reli za India. Baadaye KUR ikatumia herufi mbili, ya kwanza ikiwa E. Kundi la EA na la EB yalikuwa ya vichwa vya kawaida vya mvuke. Kundi la EC lilikuwa la vichwa vya aina ya Garratt.

Hapa inafaa tueleze Garratt ni nini. Ni kichwa cha treni chenye boila moja katikati na seti mbili za magurudumu yenye injini, moja mbele na nyingine nyuma, zikiwa zimeungwa ili ziweze kugeuka kila moja kwa upande wake. Kwa sababu hiyo kichwa kirefu na chenye nguvu kiliweza kupita kwenye kona kali bila kuielemea reli nyepesi. Reli ya Mombasa ilipanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu, ikateremka katika Bonde la Ufa na kupanda tena, kwa hiyo kichwa cha namna hiyo kilihitajika sana. Kila mchoro mpya wa Garratt ulipokuja, KUR iliongeza tarakimu: EC1, EC2, EC3 na kuendelea.

Upande wa Tanganyika mambo yalikuwa mengine. Reli ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliichukua, na shirika likafahamika kwa herufi TR. Nalo lilikuwa na makundi yake, kama MK na GA. Hilo la GA lilikuwa la Garratt. Kwa hiyo chombo cha jamii ileile, kilichoundwa katika kiwanda kilekile cha Beyer, Peacock mjini Manchester, kiliitwa EC Nairobi na GA Dar es Salaam. Wataalamu wa pande mbili walikuwa wakizungumzia kitu kimoja kwa majina mawili.

Mwaka 1948: herufi zinakuwa namba

Tarehe 1 Mei 1948 mashirika hayo mawili yaliunganishwa kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Herufi za mwenye mali zikawa EAR&H, na kwa kawaida watu walisema EAR. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Shirika moja lisingeweza kuwa na orodha mbili za vichwa vya treni, kila moja na herufi zake na namba zake.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa busara: herufi za makundi ziliachwa za pande zote mbili, na mahali pake zikawekwa namba. Kila kichwa cha mvuke kilipewa tarakimu nne. Mbili za kwanza zilitaja kundi, na mbili za mwisho zilitaja nafasi yake ndani ya kundi. Ukikuta 5918, basi hicho ni kichwa cha 18 katika kundi la 59.

Tutazame mfano mmoja. Kichwa cha kundi la EC3 kilichokuwa na namba 87 na jina la Karamoja kiliingia katika kundi la 57, nacho kikawa 5711. Chuma ni kilekile, lakini utambulisho wake mpya haumtaji tena Mkenya wala Mganda. Na tazama jinsi makundi yalivyopangwa: EC2 ya Kenya na Uganda ikawa 52, GA ya Tanganyika ikawa 53, na EC4 ya Kenya na Uganda ikawa 54. Mtu asiyejua historia hawezi kutambua kwamba hiyo ya katikati imetoka upande mwingine wa mpaka. Huo ulikuwa muungano wa kweli, si wa hotuba.

Majina yaliyopewa vichwa hivyo yalifuata mwelekeo huohuo. Kundi la 59, lenye vichwa 34 vilivyoundwa mwaka 1955 na 1956, lilipewa majina ya milima: 5901 kiliitwa Mlima Kenya, 5902 Milima ya Ruwenzori, na 5928 Mlima Kilimanjaro. Vichwa hivyo vilikuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Makundi mengine yalipewa majina ya makabila. Leo katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi vinaonekana 2921 chenye jina la Wamasai wa Kenya, 3020 chenye jina la Wanyaturu wa Singida, Tanzania, na 3123 chenye jina la Wavuma wa visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Hapohapo vipo 5918 na 5930, vyenye majina ya Gelai na Shengena, milima ambayo yote miwili iko Tanzania. Mtanzania anayezuru makumbusho ya jirani hukuta humo milima ya kwao.

Kundi la 60, kwa upande mwingine, lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru majina hayo yaliondolewa, lakini namba zilibaki. Jina la gavana lilikuwa na msimamo wa kisiasa. Namba haikuwa nao.

Herufi zinazohesabu magurudumu

Ipo pia namna nyingine ya kutumia herufi, inayotumiwa kimataifa, ambayo huhesabu ekseli. Katika utaratibu huo A ni ekseli moja inayoendeshwa na injini, B ni mbili, C ni tatu na D ni nne. Tarakimu hutaja ekseli zinazobeba uzito tu bila kuendeshwa. Ikiongezwa herufi ndogo o, maana yake kila ekseli ina mota yake. Kundi la 87 la vichwa vya dizeli vya EAR huandikwa 1Co-Co1: ekseli moja ya kubeba, tatu zenye mota, tatu nyingine zenye mota, kisha moja ya kubeba. Kwa alama chache tu fundi wa nchi yoyote ameshaiona picha ya kichwa hicho bila kukigusa.

Majini: herufi zilizozaa maneno ya Kiswahili

Tukihamia majini, tunakuta herufi zinazotangulia jina la meli. SS humaanisha meli ya mvuke, na MV humaanisha chombo cha mota, ambacho kwa kawaida huendeshwa kwa dizeli. RMS ilimaanisha meli inayobeba barua za posta ya kifalme ya Uingereza. HMS ilitaja meli ya kivita ya mfalme wa nchi hiyo.

Wanafunzi wa lugha wana jambo la kufurahia hapa, kwani Kiswahili kimehifadhi takriban kila moja ya dhana hizo kwa neno lake. Meli ya mvuke iliitwa stima, neno ambalo leo nchini Kenya limehama kabisa na kumaanisha umeme. Chombo kilicholeta barua ndicho kilichotupa neno meli, ambalo asili yake ni neno la Kiingereza linalomaanisha barua za posta, na sasa tunalitumia hata kwa chombo kisichobeba barua yoyote. Meli ya kivita tuliiita manowari, kutokana na jina la zamani la Kiingereza la meli za aina hiyo. Na MV tunaweza kuifasiri kwa neno letu la asili, chombo, ambalo watu wa pwani walilitumia kwa majahazi kabla ya injini yoyote kufika.

Herufi za mbele ya jina zinaweza kubadilika chombo kikiwa bado hai. Ziwa Tanganyika linatupa mfano bora. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikavunjwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya, kisha ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka huohuo Waingereza walileta ziwani, kupitia Afrika Kusini na Kongo, mashua mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou. Ingawa zilikuwa mashua tu, zilibeba herufi HMS kama manowari yoyote ya baharini, kwa sababu herufi hizo hazipimi ukubwa wa chombo bali hutaja mamlaka iliyokituma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe ili isitekwe. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini ikiwa na jina la Liemba. Kwa kuwa ilitumia mvuke, ilikuwa SS. Katika miaka ya 1970 iliwekewa injini za dizeli, ikawa MV. Bamba la chuma ni la Wajerumani, jina ni la ziwa lenyewe kwa lugha ya wenyeji wa kusini, na herufi za mbele ni za injini yake. Meli hiyo imehudumia Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, na mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Ziwa Viktoria nalo lina RMS Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961. Baada ya uhuru, herufi ya kifalme ilikosa maana, nayo ikawa MV Victoria. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ziliundwa pia meli mbili pacha zenye reli juu ya sitaha, ili mabehewa yaingie melini Kisumu na kutoka Mwanza au Port Bell bila kupakuliwa mzigo. Moja iliitwa MV Umoja na nyingine MV Uhuru. Tafadhali yakumbuke majina hayo mawili, tutayarudia punde.

Herufi za nchi: somo la ndege

Ndege zina sheria ya kimataifa inayotaka kila moja ioneshe alama ya mahali iliposajiliwa. Alama ya Tanzania ni 5H, ya Kenya ni 5Y, na ya Uganda ni 5X. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa mali ya pamoja, lakini ndege zake hazikubeba alama ya Afrika Mashariki; zilisajiliwa kwa kugawanywa. Ndege zake tano kubwa za Super VC10 ziliandikwa 5X-UVA, 5X-UVJ, 5H-MMT, 5H-MOG na 5Y-ADA. Rangi za shirika zilikuwa moja, lakini herufi zilikuwa za nchi tatu.

Mwaka 1977: brashi na rangi

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala mwaka 1967. Makao ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, na ya posta na simu Kampala. Miaka 10 baadaye Jumuiya hiyo ilikuwa imevunjika. Tofauti za kisiasa na malalamiko kuhusu mgawanyo wa faida na gharama yalikuwa yamelimbikizana, na mwezi Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya.

Herufi EAR zikafutwa. Badala yake yakaja mashirika matatu ya reli, moja kwa kila nchi. Kupaka rangi upya ubavu wa kichwa cha treni ni kazi ya muda mfupi. Namba za makundi ziliendelea kutumika, kwa sababu fundi wa karakana alihitaji kujua vipuri vinavyofaa, siasa iwe vyovyote iwavyo. Meli pacha zikatenganishwa: MV Umoja ilibaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki Kenya. Uganda ilihitaji meli zake za kubeba mabehewa, na katika miaka ya 1980 ikapata Kabalega, Pamba na Kaawa. Zile Super VC10 nne zilizokuwa zimesalia, kwani moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972, hazikubaki kwa nchi yoyote kati ya tatu zilizoandikwa miilini mwake. Zilirudi Uingereza na baadaye zikatumiwa na jeshi la anga la huko.

Kugawana mali na madeni kulihitaji muda mrefu kuliko brashi. Makubaliano yalisainiwa Arusha mwezi Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Mpaka ulikuwa umefunguliwa miezi michache kabla, Novemba 1983. Katikati ya hesabu hizo walikuwapo wafanyakazi waliotumikia shirika moja na kujikuta wakidai pensheni kutoka kwa serikali moja moja, madai ambayo kwa wengine yaliendelea kwa miongo kadhaa. Mtu hafutwi kama herufi.

Herufi za leo

Si herufi zote za ushirikiano zilizofutika. TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi yenye urefu wa kilomita 1,860, hadi leo imebeba nchi mbili katika jina lake: Tanzania na Zambia. Vilevile gari la Kenya likivuka mpaka kwa utaratibu wa kimataifa, alama yake ni EAK. La Tanzania Bara ni EAT na la Uganda ni EAU. Herufi mbili za mwanzo, EA, ni Afrika Mashariki. Alama hizo zilikuwapo kabla ya uhuru, zikadumu hata katika miaka ambayo mpaka wenyewe ulifungwa.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na sasa ina wanachama wanane. Hata hivyo, reli mpya zinajengwa kila nchi kwa mpango wake. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hutumia vichwa vya dizeli vya Kichina vya DF8B na DF11. DF ni kifupi cha maneno ya Kichina yenye maana ya upepo wa mashariki. Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza safari za abiria mwaka 2024, hutumia umeme. Upana wa reli hizo mbili ni uleule, lakini kichwa kinachotegemea nyaya za umeme hakiwezi kuendelea mahali nyaya zinapoishia. Iwapo siku moja reli hizo zitakutana, viongozi watalikabili swali lilelile la mwaka 1948: tutatumia utaratibu wa nani?

Hitimisho

Historia hii inatufundisha mambo mawili ya uraia. La kwanza ni kwamba muungano wa kweli huonekana katika mambo madogo ya kazi. Mwaka 1948 kila upande uliacha herufi zake, na hakuna aliyemeza mwenzake. La pili ni kwamba mali ya pamoja inahitaji makubaliano ya namna ya kugawana tangu siku ya kuunganishwa, wakati watu bado wanapendana. Wanaongoja mpaka wagombane hutumia miaka saba, na wanaoumia zaidi ni wale ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa chombo chochote. Ukisimama stesheni au bandarini wiki hii, soma herufi utakazoziona, kisha uliza ni za mwenye mali, za kundi au za nchi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya herufi za mwenye mali, za kundi na za nchi. Toa mfano mmoja wa kila aina kutoka nchi yako.

2. Kichwa cha treni kimeandikwa 3020. Kisome kwa kufuata utaratibu wa EAR.

3. Maneno stima, meli na manowari yamebadilika vipi kimaana? Tunga sentensi moja kwa kila neno.

4. Kama ungekuwa mjumbe wa kuandika mkataba wa reli ya pamoja leo, ni kifungu gani ungetaka kiandikwe kwanza, na kwa nini?